Kopo la Rangi kwenye Barabara ya Liboi

Mulki Nunow anauza mitandio sokoni Garissa, na wateja wakipungua huchora punda wa mikokoteni ya maji. Dada yake Osob alipojifungua Liboi, Mulki alitaka kwenda na vifaa vya kuchorea vinavyoenea mkobani.

Kwa Yakub, muuza vifaa vya shule, alijaribu kalamu kadhaa, akisugua kila mstari kwa kidole kilicholowa. Wino mmoja tu haukutapakaa.

"Huu utavumilia rangi ya maji," Mulki alisema.

Boksi la rangi lilikuwa kubwa, kwa hiyo alichukua vidonge vya njano, bluu na kahawia; kijani angechanganya mwenyewe. Nyumbani aliikata brashi mpini, akavigandisha vidonge ndani ya kopo la peremende, akatia na kichupa cha maji. Kopo lisifunguke njiani, akalizungushia tepu nyeusi ya umeme.

Basi la Liboi lilipopita Dadaab, polisi waliwashusha abiria wote. Askari aliyeingia basini kukagua alitoka mbio.

"Kuna kitu chini ya kiti. Rudini nyuma. Nyuma zaidi."

Watu wanaijua barabara ile na mabomu yake. Akina mama walibeba watoto wakakimbia, Mulki akakimbia nao. Alipojilaza mchangani ndipo alipogusa mkoba wake: zipu ilikuwa wazi, kopo halimo.

Akisema ni lake, watamfanya nini? Kisha askari wakauliza nani alikaa kiti kile, na mzee Bulle, jirani yake wa safari, akaitwa mbele na kupigishwa magoti.

"Afande, ni yangu," Mulki alisema. Hawakumsikia. Akasimama, akarudia.

Bunduki zikamgeukia.

"Ni nini?"

"Rangi. Za kuchorea."

"Unachora nini? Kambi yetu?"

"Punda, afande. Mbuzi."

"Nenda ukafungue mwenyewe."

Alilijua kopo lake, lakini mbele ya kiti kile hakuwa na hakika tena. Huenda kuna mtu ameweka jingine linalofanana nalo. Alibandua tepu. Kifuniko kikafunguka: njano, bluu, kahawia. Akalitoa nje, wote walione.

Afande alishusha pumzi. "Mama, siku nyingine weka kwa kitu tunaona ndani."

Basi lilipoondoka, Mulki alimgeukia mzee. "Adeer, ami yangu, nisamehe."

Bulle alikuwa akipangusa vumbi magotini. "Nilishatamka shahada yangu ya mwisho, mwanangu," alisema, akageukia dirisha mpaka Liboi.

Aliporudi Garissa, Mulki alimwomba Yakub kikasha cha plastiki kinachoonyesha ndani.

"Hicho ni cha chakula cha watoto, abaayo, dada yangu."

"Hicho hicho."

Alihamishia humo kalamu na vidonge, bila tepu. Kichupa alikiacha, maji ataomba popote atakapofika. Hata hivyo hajasafiri tena. Osob humtumia picha za mtoto kwa simu, naye huzichora dukani kwake, mgongo ukiwa ukutani, akimtazama kila anayeingia.