Ng'ombe wa Taarifa ya Habari

Kwa mzee Shibuda, pale Nemba, ng'ombe hawaitwi kwa rangi zao kama ng'ombe wa watu wengine. Wanaitwa kwa taarifa ya habari. Ndama akizaliwa, habari iliyotangulia redioni asubuhi ile ndiyo jina lake, iwe njema, iwe mbaya. Ndiyo maana zizini mwake alikuwamo Korona, aliyependa kusimama peke yake mbali na wenzake. Alikuwamo Mgao, ambaye leo alitoa maziwa na kesho akakata bila kumwarifu mtu. Alikuwamo Tozo, mwenye tabia ya kupita huku na huku akichota kidogo kidogo katika majani ya kila mwenzake. Alikuwamo Bando, ambaye maziwa yake yaliisha kabla mkamuaji hajakaa sawasawa kwenye kigoda. Na alikuwamo dume mmoja, Kikokotoo, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwelewa.

Ni vikongwe wawili watatu tu waliobaki na majina ya rangi, wale waliozaliwa kabla redio haijaingia katika nyumba hiyo.

Genoveva, mke wa Mashimba, aliolewa hapo akitokea Kasulo, upande wa Ngara, na hakuwa amewahi kuingia zizini. Kwao kulikuwa na migomba na kahawa, na mbuzi mmoja mkorofi. Kazi aliyopewa kwa baba mkwe ilikuwa kumshika ndama kamba wakati mzee akimkamua mama yake. Kazi nyepesi, mtu angesema. Lakini mzee Shibuda hakuweza kukamua bila kuzungumzia habari za dunia, na aliyeshika ndama hana pa kukimbilia.

Alimwita "mayu," yaani mama kwa Kisukuma chake, na sauti yake ilitoka chini ya tumbo la ng'ombe kama inatoka pangoni.

"Umesikia, mayu? Ng'ombe sasa watavishwa hereni."

"Hereni, baba?"

"Za plastiki, zenye namba. Mimi marehemu mama yenu nilikaa naye hadi tukazeeka, sikuwahi kumnunulia hereni. Leo Tozo anavishwa! Kama anasikia huko aliko, nikifika tutagombana."

Habari ya kikokotoo, ile hesabu mpya ya mafao ya wastaafu, ilipokuwa moto, mzee hakula vizuri kwa siku kadhaa. "Baba, wewe hujaajiriwa hata siku moja," Mashimba alimwambia. "Ndiyo," mzee akajibu, "lakini walimu wana madaftari ya kusahihisha. Lazima awepo mtu wa kuhuzunika kwa niaba yao." Na redio ilipoanza kuzungumzia akili mnemba kila siku, alinyoosha mgongo kwa fahari. "Nilijua tu. Miaka yote tunaishi hapa hakuna aliyetuuliza kitu. Sasa nchi nzima inataka akili za Nemba." Genoveva alijaribu kumweleza kwamba ni akili za mashine, za ndani ya simu na kompyuta. Mzee alimsikiliza kwa upole hadi mwisho, kisha akasema, "Sawa, mayu. Na hizo mashine zilizitoa wapi?"

Yote hayo Genoveva aliyachukulia kama mzaha hadi alipopata mimba.

Katika ukoo ule, anayempa mtoto jina ni baba wa mume. Mtoto akifikisha siku za kutolewa nje, mzee husimama mlangoni mbele ya majirani na kulitamka. Likishatoka mdomoni halirudi. Na majina yao hufuata mambo yaliyotokea. Mashimba aliitwa hivyo kwa sababu simba walizunguka boma juma lile alilozaliwa. Dada yake, Njile, alizaliwa njiani, familia ilipokuwa ikihama na mifugo kutoka Shinyanga. Simba na njia ni mambo ya heshima. Lakini sasa simba walikuwa wameondoka, familia haihami tena, na jambo lililokuwa likitokea kila siku katika nyumba ile lilitokea redioni.

"Zungumza na baba yako," Genoveva alimwambia mumewe. "Sitaki kumwita mwanangu Tozo."

"Tozo tayari yupo," Mashimba alisema. "Hawezi kurudia."

"Mashimba!"

"Jina la baba ni la baba, mke wangu. Mimi mwenyewe sikuulizwa kuhusu wale simba."

Genoveva akampigia simu mama yake, Eufrazia, huko Kasulo, akitarajia kuonewa huruma. Mama yake alicheka hadi akakohoa. "Mwanangu, sisi Wahangaza wa Ngara tunachekaje makengeza ya wenzetu? Si tunawapa watoto majina ya kuwasema majirani? Mjomba wako jina lake ni ugomvi mzima wa mpaka wa shamba. Jirani alikufa zamani, ugomvi unakunywa chai kwangu kila Jumapili."

"Mama, huyu ataitwa Mnemba. Au Kikokotoo wa Pili. Atasoma shule gani na jina hilo?"

"Basi omba azaliwe siku ambayo hakuna habari," alisema Eufrazia, akakata simu ili aendelee kucheka kwa nafasi.

Lilikuwa neno la utani tu. Lakini mtu mwenye hofu hata utani huuokota. Siku ambayo hakuna habari! Genoveva akaangalia jiwe bapa nyuma ya nyumba. Hapo mzee huanika betri zake kila zinapochoka, akiamini kwamba jua huzirudishia nguvu. Yeye huziita mawe, kama wazee wote. Adhuhuri moja, mzee akiwa malishoni na siku za kujifungua zikiwa zimekaribia, Genoveva alizichukua betri zile mbili akazizika ndani ya chungu cha maharage. Juu ya jiwe akaweka mbili nyingine, zilizokufa zamani, ambazo watoto wa jirani walizifanya magurudumu ya gari lao la mabua.

Jioni mzee alizitia redioni, akawasha. Kimya. Akaitoa moja, akaitazama, akaizungusha vidoleni, akamtazama mkwewe aliyekuwa akipepeta mtama kwa bidii kubwa kuliko mtama wenyewe ulivyohitaji.

"Mawe yamekufa," alisema.

"Pole, baba."

"Nimekwisha poa, mayu."

Genoveva alingoja atume mtu dukani akanunue mengine. Hakutuma. Asubuhi iliyofuata alikamua bila kusema neno. Mgao alikata maziwa, na mzee hakutoa hata maoni. Siku ya pili alijaribu kurudia habari za zamani, akaacha katikati, maana hata Korona alionekana kuzikumbuka. Jioni alikaa kwenye kigoda chake na redio iliyozimwa mapajani, akiifuta vumbi kwa kanzu yake ya zamani, kama mtu anayemkanda mgonjwa.

Genoveva alikuwa ameshinda, lakini ushindi ule haukuwa na ladha aliyoitarajia. Hakujua kwamba nyumba inaweza kuwa na ukimya mpana vile. Kamba ya ndama ilikuwa nzito. Aligundua, kwa hasira kidogo, kwamba alikuwa akitaka kujua mzee angesema nini kuhusu mambo ambayo hata yeye hakuyasikia.

Siku ya tatu akashindwa kuvumilia. "Baba," alisema akiwa amemshika ndama wa Tozo, "yule kuku mwekundu ameanza kutamia."

Chini ya tumbo la ng'ombe mkono ukasimama. "Mayai mangapi?"

"Tisa. Lakini mawili si yake. Kuku wa jirani amekuja kutagia humo humo."

"Aha!" Sauti ilikuwa imepata damu. "Mkimbizi wa kiuchumi. Asifukuzwe, mayu. Na huko kwingine?"

Genoveva akamwambia kwamba paa la mama Christina, jirani wa mashariki, limeng'olewa bati moja na upepo, na kwamba mumewe anasema atalipigilia kesho, naye amekuwa akisema kesho tangu kabla upepo haujavuma. Mzee alicheka hadi Tozo akageuka kumwangalia. Alipomaliza, akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Na michezo?" aliuliza.

"Watoto wamecheza mpira malishoni. Mpira umepotelea kwenye mtama. Mechi imeahirishwa."

"Uwanja haukuwa na taa," mzee alisema kwa uzito. "Nimelisema hilo mara ngapi?"

Tangu hapo kila asubuhi alimpa habari, na kila asubuhi alijikuta akizitafuta mapema, akitazama huku na huku njiani kwenda kisimani, akiuliza watu mambo ambayo zamani hayakumhusu. Alizikusanya kama kuni. Hata uchungu ulipomshika, na Mashimba akimpakia taratibu kwenye pikipiki kwenda zahanati, aligeuka akamwambia mzee aliyesimama langoni kwa wasiwasi, "Baba, kuku ameangua! Saba!" Kisha akauma midomo.

Akajifungua salama, mtoto wa kike.

Siku ya kumtoa mtoto nje, majirani walijaa uani. Eufrazia alikuwa amefika kutoka Kasulo na mkungu wa ndizi na cheko lake lote. Genoveva alikaa kwenye mkeka na mtoto. Redio haikuwa imesema neno, hiyo ilikuwa kweli, lakini majirani wote hawa walikuwa na simu. Nani ajuaye mzee amesikia nini?

Mzee Shibuda akasimama mlangoni, akakohoa kama mtangazaji.

"Kwanza muhtasari," alisema. "Mtoto wa kike amezaliwa katika nyumba hii. Mzee mmoja wa Nemba ameibiwa mawe ya redio. Na kuku ameangua saba. Sasa habari kamili."

Uani pakaripuka vicheko. Genoveva hakucheka. Mzee alikuwa ametia mkono mfukoni, akatoa betri mbili zilizokufa.

"Mimi mawe yangu yakichoka, kwanza nayauma, ndipo nayaanika. Watu wazima wenzangu mnajua. Na meno yangu mnayajua, hili la mbele lilikwisha hama. Mawe yangu yana alama ya pengo. Haya hapa hayajaumwa na mtu." Akayainua watu wayaone. "Nikajua siku ileile. Nikasema, ngoja tumwone huyu mwizi anataka nini."

Genoveva akainamisha kichwa. "Nisamehe, baba. Niliogopa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Niliogopa ataitwa Mnemba."

Watu wakacheka tena, Eufrazia kuliko wote. Lakini mzee aliinua mkono, na wakanyamaza.

"Mayu," alisema, "habari ya redio nampa ng'ombe, kwa sababu ng'ombe siku moja ataenda mnadani, na habari nayo huenda hivyo hivyo. Mtu haendi mnadani. Mashimba aliitwa kwa simba waliokuja hapa, mlangoni petu. Hakuitwa kwa simba wa redioni."

Akayageuza mawe yale kiganjani.

"Zamani redio sikuwa nayo. Nilikuwa na Nshoma, mama yenu. Tulikuwa tukikamua hivi, yeye kashika ndama, ananiambia kuku gani katotoa na nani kagombana na nani kisimani. Alipokufa, zizi likawa kimya, ndipo nikanunua hiki kisanduku. Kinasema sana. Lakini hakijawahi kuniambia habari ya kuku." Akamtazama Genoveva, na macho yake yalikuwa na maji, na bado yalikuwa yakimtania. "Juma lile mawe yalipopotea, nilisikia tena habari za nyumbani. Hilo ndilo lililotokea. Mtoto ni Nshoma."

Vigelegele vikapanda. Eufrazia aliacha kucheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akajipangusa macho kwa ncha ya khanga.

"Lakini wizi ni wizi," mzee aliendelea, vigelegele vilipotua. "Bando amezaa alfajiri. Ndama wake ataitwa Betri. Na atakayemshika kamba ni mkwe wangu, kila siku, na amwite jina lake kwa sauti."

Asubuhi, mtoto akiwa mgongoni kwa bibi yake mzaa mama, Genoveva aliyachimbua mawe kutoka kwenye chungu cha maharage, akayapangusa, akampelekea mzee kwa mikono miwili. Redio ikaamka katikati ya taarifa, na msomaji akaanza kueleza jambo kubwa lililokuwa likitendeka mbali sana. Mzee Shibuda alisikiliza kidogo, kisha akapunguza sauti.

"Huyu atarudia saa mbili usiku," alisema, akivuta kigoda chini ya tumbo la Bando. "Mayu, yule bwana wa bati, amepigilia?"

"Anasema kesho, baba," alijibu Genoveva, akivutana na kamba. "Betri! We Betri, tulia!"

Na upande wa pili wa ua, Eufrazia akaanza kucheka upya.