Jeneza la Watu Wawili

Walimpachika jina la Bi Mstari kwa sababu hawezi kuona meza imekaa upande asiisogeze, hata kwenye nyumba ya watu. Riziki yake ni kutengeneza kurasa za tovuti: huku sehemu ya juu, huku ya kati, hapa safu mbili, pale tatu. Basi mjomba wake, seremala wa vitanda na majeneza, alipotaka ukurasa wa karakana yake, hakuhangaika kutafuta mtu.

Bi Mstari akaupanga ukapangika. Picha juu: kushoto kitanda, kulia jeneza. Maelezo chini, kila moja chini ya picha yake. Kwenye kompyuta ulikuwa unavutia, ungetamani kuutundika ukutani. Kwenye simu hakuangalia.

Wiki haikwisha, mjomba akapiga.

"Mpwa wangu, hebu njoo. Kuna mzee na mkewe wanataka jeneza la watu wawili, lenye droo."

"Umesikia vibaya, mjomba."

"Nimesikia vibaya wakati mwenyewe yumo ndani anajipima?"

Akaenda mbio. Kweli, mzee wa watu, karani mstaafu, alikuwa amelala chali jenezani, viatu kavivua akavipanga chini. Mkewe kasimama pembeni, mkoba kwapani.

"Mimi nitakaa wapi hapo?" alikuwa akimuuliza. "Ushatanua viwiko!"

"Nafasi ipo, mama. Wameandika," mzee alijibu kutoka ndani. "Nisichokiona ni hizo droo. Miwani yangu nitaiweka wapi?"

Bi Mstari alifungua ukurasa kwenye simu yake. Kioo kilikuwa chembamba, safu zikashindwa kukaa ubavu kwa ubavu, zikapandiana: kitanda, chini yake jeneza, na chini ya jeneza maelezo ya kitanda. *Nafasi ya watu wawili. Droo mbili chini. Hata mkigeukageuka, hakuna kelele.*

"Baba, mama, mniwie radhi," alisema. "Kosa ni langu. Maneno haya ni ya kitanda."

"Mwanangu, sisi tumeshaelewana, usituvuruge," mama akamkatiza. "Tangu anioe, huyu bwana hajatoka nyumbani bila kuniuliza miwani iko wapi. Leo nimwache aende peke yake?"

Bi Mstari akamgeukia mjomba, angalau amsaidie kuwapa akili wazee wale. Mjomba alikuwa keshaweka penseli sikioni, anampima mama mabega.

Bi Mstari alirudi ofisini, akaurekebisha ukurasa siku hiyohiyo. Kila picha akaifunga na maelezo yake katika sehemu moja, hata skrini ibanwe vipi yasiachane. Akashusha pumzi.

Kesho yake mjomba alipiga akifoka. "Jeneza la watu wawili umelipeleka wapi? Watu wanapiga wanaliulizia!"

Bi Mstari alijaribu kubishana. Alimwambia hilo lilikuwa kosa, na kosa haliwekwi dukani. Mjomba akamwambia yeye aendelee na safu zake, kuuza amwachie mwenyewe. Ikabidi iongezwe safu ya tatu, kati ya kitanda na jeneza.

Picha waliipata kwa wazee wale wale, wamelala humo wanatabasamu, miwani kwenye droo. Maelezo aliyatoa mama kwa simu, neno kwa neno, na alipomaliza akapiga tena.

"Ongeza hapo, mwanangu," alisema. "Andika kwamba upande wa ukutani ni wangu."