Dawa ya Kulegeza

Nilikuwa najikojolea. Naanza hapo hapo, kwa sababu watu wa kisiwani kwetu walilizunguka neno hilo kwa maneno mengi, na kila walilolizungusha liliniumiza kuliko lenyewe. Walisema "hana hifadhi." Walisema "yule mke wa watu ana maradhi ya chini." Mimi nilikuwa mama wa watoto wawili, nakaa Makoongwe, na nilikuwa najikojolea. Basi.

Yalinianza baada ya kuvyaa mtoto wa pili, miaka ile ya mwisho ya hamsini. Si kwamba mkojo ulikuwa ukichuruzika mchana kutwa. Naweza kuwa nimekaa zangu nasuka ukili wa mkeka, mara tumbo la chini linanishika, linajikamua lenyewe kama uchungu wa uzazi, na kabla sijatia mguu kwenye kiatu nguo imekwisha. Nikisikia maji yanamiminwa kwenye ndoo, kwisha. Nikitia mikono kwenye maji ya kuoshea mchele, kwisha. Na nilikuwa bado kijana, sijaota hata mvi moja.

Mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, ndiye aliyekuwa mkuu wa nyumba, na kwa ugonjwa ule alikuwa na neno moja tu: kukaza. "Uzazi umekulegeza, mwanangu. Ukazwe." Nikakazwa. Nilichemshiwa maganda ya komamanga, yakanifunga choo, mkojo ukaendelea na safari zake. Nilifungwa mkaja tumboni mpaka pumzi zikanipaa. Nilikatazwa maji, nikawa nakojoa kidogo na hicho kidogo kinaniunguza. Kila nikikazwa ndivyo tumbo lilivyozidi kunikamua.

Na mimi, nisijinyime sifa yangu, nilikuwa fundi wa mikeka. Mikeka yangu ilitakiwa mpaka Chokocho. Siku moja kulikuwa na kisomo cha khitma nyumba ya pili, na mkeka uliotandikwa ukumbini niliushona mimi. Nikaingia, nikatoa salamu, nikataka kukaa. Mavyaa akanitangulia na gunia tupu la karafuu, akalitandika karibu na mlango.

"Wewe kaa hapa, mama. Tusiwaharibie wenzetu mkeka."

Alisema kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulioniua. Sikukaa. Nilisimama mlangoni mpaka dua ya mwisho, mikono nimeinua.

Hilo labda ningelimeza. Lakini mdogo wangu alikuwa anaolewa. Mama yetu alikwisha tangulia mbele ya haki, na tumboni mwake tulitoka wawili tu. Siku ya bibi harusi kutolewa mbele ya wanawake wenzake, mahali pa mama ubavuni pake palikuwa pangu. Mavyaa akapeleka maneno kwa watu wa bwana harusi kwamba mimi mgonjwa, sitaweza, atakaa yeye. Mimi mwenyewe aliniambia huku anapepeta mchele, hata hakunitazama.

"Bibi harusi anakaa kwenye udi na asumini. Wewe unajijua."

"Najijua," nikamwambia. "Na pale nitakaa mimi."

Nikavuka bahari kwenda hospitali, mjini Mkoani. Nilijifunga vitambaa, nikakaa kwenye mtumbwi miguu nimeikutanisha, na kila maji yakipiga ubao namwomba Mungu tu. Hospitalini palikuwa na mkunga wa kutoka Unguja; neno la kwanza tu likikutoka anajua wewe Mpemba, na la kwanza likimtoka yeye unajua si wa kwetu. Alinilaza, akanipima, akanitia maji ya rangi kutazama kama uzazi umeniachia tundu. Hapana tundu. Akanambia, "Bibi, kibofu chako kizima. Shida yake kinajikaza bila ya ruhusa yako. Daktari atakuandikia dawa ya kukilegeza."

Nikamkodolea macho. "Kukilegeza? Bi, mie navuja hivi hivi, mwataka kunilegeza tena?"

Hakucheka. Alikunja ngumi mbele ya uso wangu. "Unapika kwa nazi? Tui linatoka kwenye kifumbu wakati gani, ukikikamua au ukikiacha?"

"Nikikikamua."

"Na mkono ukiulegeza?"

Vifumbu nimesuka chungu nzima maishani mwangu, vya kwangu na vya watu, na sikupata kulifikiria hilo.

Dawa ilikuwa ya maji, chungu, imetiwa kwenye chupa niliyokwenda nayo mwenyewe. Ubavuni ilibandikwa ukanda wa karatasi uliokatwa meno, kila jino kipimo cha mara moja. Tikisa, kunywa, asubuhi na mchana na usiku. Mkunga alinionya kwamba mdomo utakauka, macho yataingia ukungu nikitazama kitu cha karibu, na choo kitakuwa kigumu. Akanambia nisijinyime maji tena. Tumbo likinishika nisikurupuke. Nitulie, nivute pumzi, likiachia ndipo niinuke.

Niliporudi mavyaa aliuliza dawa ile ni ya nini, na mimi nikasema kweli: ya kulegeza. Kabla ya alasiri Makoongwe nzima ina habari. "Kenda kuziba ndoo, karudi katobolewa." Kisimani wanawake waliacha kamba wakashika mbavu. Nikamweleza mavyaa habari ya kifumbu, akanijibu, "Mie sina kifumbu tumboni, na wewe huna." Akaichukua chupa akaificha uvunguni mwa kitanda chake. Niliingia chumbani mwake mchana kweupe, nikaitoa, nikainywa mbele yake. Nikatikisa kwanza, kama nilivyoambiwa.

Mdomo ulikauka kweli. Mate yalikwenda sijui wapi. Nikila muhogo unanata kaakaani kama unga mkavu. Mboni zikanipanuka hata mavyaa akasema nina pepo, si bure. Kusuka niliweza, vidole vinajua njia, lakini kushona sikuliona tundu la sindano. Mume wangu alikuwa mtu mwema asiyependa kelele. Akanivuta pembeni. "Iache hiyo dawa mpaka harusi ipite, mama aridhike."

"Dawa nainywa kwa ajili ya harusi," nikamwambia. "Mama yako akitaka kuridhika, ataridhika baadaye."

Akachukua madema yake ya samaki akaenda zake baharini.

Haikunitibu kwa siku moja, wala haikunitibu yote. Lakini tumbo likawa linanishika kwa adabu, linanipa nafasi ya kuinuka, kuvaa viatu, kutembea kama watu mpaka chooni. Siku nyengine nililowa. Nyingi sikulowa. Asiyepata kuyapimia maisha yake kwa umbali wa choo hawezi kuijua raha ile. Nilikaa uani peke yangu nikalia kwa furaha, na machozi hayakutoka, dawa imeyakausha nayo.

Siku ya harusi nikawahi. Ukumbini ulitandikwa mkeka wangu, zawadi yangu kwa mdogo wangu, niliowahi kuumaliza kabla macho hayajaingia ukungu. Akatolewa, macho chini, mikono imeiva hina, nami nikakaa ubavuni pake. Wanawake wakajaa mpaka pembeni. Mara namwona mavyaa anapita katikati ya watu, gunia kwapani. Akaniinamia sikioni. "Inuka mwanangu, usijiaibishe."

Nilimjibu kwa sauti ya kusikika uani, ulimi unagota kaakaani. "Mama, mie naumwa kibofu, na nakunywa dawa. Hapa hakuna asiyejua. Mdogo wangu hana mama, ana mimi. Siinuki."

Mavyaa akabaki amesimama na gunia lake, hana pa kulitandika wala pa kukaa, mkeka umejaa. Mwisho alilikunja akalikalia yeye.

Vigelegele vilipopigwa nami nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Ulimi ulikuwa kigae. Mdogo wangu alikuwa amekatazwa kucheka siku ile, lakini niliyaona mabega yake yanatikisika. Nilikaa mpaka mwisho, nasaha zikasemwa, sahani zikapita, marashi yakanyunyizwa. Mara moja tumbo lilinishika, nikamshika bibi harusi mkono, nikavuta pumzi, likaachia.

Alipoinuliwa kupelekwa ndani nikainuka naye. Mavyaa akaja pale pale, mbele ya wanawake wote, akainama, akapitisha kiganja mahali nilipokuwa nimekaa. Alipapasa huku na huku kama anayetafuta kipini kilichoanguka. Kisha akainua uso.

"Mkavu," akatangaza. "Alhamdulillahi. Basi mwanangu, sasa unaweza kukaa na watu."

Wanawake wakaitikia kwa furaha, wengine wakanipongeza. Nilivyomwona, alikuwa akingoja nimshukuru.

"Mama," nikamwambia, "hata mkeka ungelowa ningekaa."

Nikakaa tena, pale pale. Na mdogo wangu, aliyekwisha kuinuliwa, akakaa na yeye.