Raba ya Gitaa

Mjukuu wangu ametia gitaa lake la umeme vyuma vinavyong'aa, vya kuzuia mkanda usichomoke. Kwetu kazi hiyo ilifanywa na raba.

Tulikuwa tunakaa nyumba za reli, Nakuru. Siku moja baba akipiga gitaa kwenye harusi kule Dundori, mkanda ukachomoka, gitaa likaanguka likapasuka. Aliliunganisha kwa gundi ya seremala. Mama, aliyezoea kuliita “mke mwenzangu”, akakata kiduara kwenye tyubu ya baiskeli, akakitoboa kwa msumari wa moto, nyumba ikanuka. Akakibana pale mkanda unaposhikana na gitaa.

“Baba watoto, vuta sasa.”

Baba akavuta. Haukutoka.

Mama hakuwahi kulipenda. Lakini kila Jumamosi baba akishalivaa, mama alikuwa anaacha sufuria motoni, anakuja mlangoni kuibonyeza ile raba kwa kidole gumba.