Maua ya Kahawa kwenye Mtandio wa Mama

Kazi yangu ni kuunguza maua kwenye mahameli. Unapaka dawa kali kufuata mchoro, inakauka, unapitisha pasi, kisha unasugua kwa maji. Manyoya yaliyopakwa yanatoka, ua linabaki jepesi, linaonyesha. Ila kitambaa cha chini lazima kiwe nailoni. Kikiwa pamba tupu, dawa inakula juu mpaka chini. Kwa hiyo kwanza unakata kipande kidogo, unakichoma kwa kiberiti: pamba inanuka karatasi, nailoni inajikunja. Wateja wangu wa Nyakahura nawaimbia hilo mpaka wananichoka.

Mama yangu, kule Murukulazo, alikuwa na mtandio mmoja mwekundu wa mahameli, alioolewa nao. Hospitali walipomwambia arudi tu nyumbani, aliniita.

"Mwanangu, niwekee maua ya kahawa humu. Niyaone kwanza, ndipo mnizike nao."

Nikashika mkasi. Shangazi akanidaka mkono.

"We! Nguo ya mgonjwa haikatwi. Unataka kumkata na yeye?"

Mimi, fundi mzima, nikaufyata. Ningechomoa uzi mmoja tu pindoni, mmoja, nikauchoma, nisingekuwa nimekata chochote! Sikuwaza. Niliogopa kuambiwa nimemuua mama yangu, nikapaka dawa kwa kubahatisha.

Nilipousugua kwenye beseni pale uani, maua yalidondoka mazima mazima. Pamba tupu. Nikauinua, nikaiona migomba kupitia matundu. Nililia kwa hasira, nikauficha kwenye ndoo yenye mfuniko.

"Umemaliza?" mama aliuliza.

"Bado, mama. Unakauka."

Siku tatu nilimjibu hivyo hivyo. Ya tatu akacheka kidogo. "Mtandio gani huo usiokauka kiangazi hiki?" Kesho yake asubuhi akafariki.

Tulimvika gauni lake jeupe la kanisani. Shangazi akauliza mtandio uko wapi, na mimi uongo ulikuwa umeniishia. Nikautoa kwenye ndoo, nikautandaza kifuani pa mama, nikisubiri matusi. Weupe wa gauni ukajaa kwenye matundu. Yakawa maua ya kahawa, meupe kabisa, tawi zima limechanua.

"Haa! Kumbe umeyapatia," shangazi akasema, akifuta machozi. "Mama yako alisemaje alipoyaona?"

"Aliyapenda," nikasema.