Namba Nane ya Mwanyumba

Mimi na mwanyumba wangu tumeoa nyumba moja, mimi dada mkubwa, yeye mdogo wake. Tukanunua na pikipiki za aina moja, rangi moja, wiki moja. Yangu ndiyo iliyotangulia kutoka dukani. Nalisema hilo mapema kwa sababu mtaa wetu mzima wa Gongoni umelisahau.

Heshima niliyokuwa nayo ilikuwa moja: kumpakia baba mkwe kila Ijumaa. Mzee husali kijijini kwao, upande wa Kwihara, ingawa karibu na nyumba yake ipo misikiti mitatu. Nimeihesabu mara mbili. Husema ule wa kijijini ndio unaomjua. Basi Ijumaa alikaa nyuma yangu, kanzu ameikunja magotini, mkono mmoja begani kwangu, na mtaa ukaona ni mkwe gani anayetegemewa.

Kisha kava la pembeni likaachia. Magunia ya mpunga wa Igunga ninayobeba siku za kazi yalikuwa yamezilegeza bolti zikadondoka moja baada ya nyingine, na mahali pake nikafunga waya. Ijumaa ile waya ukakatika, kava likadaka kanzu, likaichana pindo, likaanguka. Njia ile, enzi za misafara, wapagazi walipita na pembe za ndovu mabegani, wakafika nazo. Mimi nimeangusha plastiki.

Mzee hakugomba. Wiki iliyofuata alisema tu, "Mwanangu, wewe pumzika. Nitakwenda na mwenzio."

Pumzika! Nilisimama barazani nikamtazama mwanyumba akiondoka naye. Pikipiki yangu hulia kama debe la karanga. Yake ilitoa sauti ya injini, basi. Makava yake yalikuwa na bolti nne, mbili kila upande, zinang'aa. Nilizihesabu wakienda, nikazihesabu wakirudi, labda moja ingekuwa imedondoka. Zilikuwa nne.

Nikaenda kwa mama mmoja anayeuza spea karibu na soko. "Nipe bolti za kava, namba nane, nne."

Kwetu bolti huitwa kwa namba ya spana inayoifungua, na spana yangu ilikuwa namba nane. Nilimshusha bei mpaka akauliza, "Kaka, hizi unanunua au unaziomba?" Nikashinda. Ushindi wangu ulikuwa bolti nne zisizoingia. Moja niliilazimisha, ikakwama mlangoni, ikala na hesi, yale meno ya ndani ya nati.

Nikamrudia. "Mama, hizi siyo."

Akaivisha spana kwenye kichwa cha bolti. Ikakaa sawasawa. "Hii namba ngapi?"

"Nane."

"Sasa nimekuibia nini? Nane ni kofia, kaka. Mwili je? Hii kofia nane, mwili sita. Ipo nyingine kofia nane hiyo hiyo, mwili tano. Ukimwita mtu kwa kofia yake, utajua unene wake?" Akacheka peke yake. "Niletee moja inayoingia. Nitazilaza meno kwa meno. Mwanga usipopita katikati, hizo ndugu."

Moja inayoingia! Zangu zote zililala barabarani. Nilizokuwa na hakika nazo mjini humu ni nne tu, na mwenyewe ni mwanyumba. Angenipa nikimwomba, tena kwa tabasamu. Ndiyo maana sikumwomba.

Alhamisi jioni alikuja kumsalimia mzee, akakaribishwa ndani kwa tangawizi. Mimi nikabaki uani na spana, kando ya pikipiki yake. Bolti ilitoka kwa adabu, bila mlio, kama kila kitu chake. Nyuma yake palikuwa na kiduara cha mpira, kimekatwa kwenye kandambili. Kijani, chenye mstari mweupe. Nikakigeuza. Nikakigeuza tena. Kandambili zile nilizinunua mimi, za Idi, nikampa mzee kwa mikono miwili. Kumbe ndizo zinazomnyamazishia mwanyumba pikipiki.

Kivuli kikanifika. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unafunga au unafungua?"

Mwanyumba akatokea nyuma yake na kikombe mkononi. "Si ungesema, mwanyumba? Mbona ninazo za akiba, kwenye kopo."

Kwenye kopo! Ana na za akiba.

"Baba," nikasema, nimeshindwa kujizuia, "hizi si zile kandambili nilizokuletea?"

"Moja ilikatika ukanda," mzee akajibu. "Mwenzio akaiomba akate. Nyingine ipo chini ya kitanda. Wewe hukuomba."

Nikaifunga bolti yake, nikapokea moja ya kopo na kandambili ya mguu wa kushoto. Ya kulia alishachukua yeye.

Asubuhi mama wa spea akazilaza bolti mbili pamoja, mwanga haukupita. Nikachukua nne, na nati zake, bila kupunguza bei. Akaniuliza kama naumwa.

Mchana mzee akazigongagonga pikipiki zote mbili kwa fimbo, akitega sikio. Zote kimya.

"Haya. Mtapokezana. Leo nakwenda na huyu, wiki ijayo wewe."

Leo ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi, na mwezi huu una tano. Nimezihesabu mara mbili kwenye kalenda ya ukutani: tatu zake, mbili zangu. Mke wangu ananiliwaza kwamba mwezi ujao nitaanza mimi. Mwezi ujao una nne.