Mbuzi wa Ijumaa ya Kwaresima

Jirani yangu wa upande wa chini ni mzee mfugaji ambaye hajabatizwa. Boma lake na langu yametenganishwa na ua wa minyaa. Msimu uliopita ng'ombe wake walipenya hapo wakala mahindi yangu, karibu nusu ya shamba. Tulipelekana kwa wazee wa kitongoji, tukasemeshwa, tukarudi nyumbani kila mtu na hasira yake. Tangu hapo shikamoo yangu kwake ilikuwa ya kurusha juu ya minyaa, naye aliipokea kwa kukohoa.

Jumatano ya Majivu mwaka huu, padri alitupa kazi: kila mmoja amtafute mtu aliyekosana naye, apatane naye kabla ya Pasaka, na kama mtu huyo hajaisikia Injili, amkaribishe. Mimi ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Nyambureti. Wote waliokuwa kanisani walijua nani wangu.

Nikaenda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo umepita mlangoni. Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuja tuyamalize. Nilikusema vibaya mbele ya watu."

"Waliokula mahindi ni ng'ombe wangu, anayeomba msamaha ni wewe. Mura, kijana wangu, hiyo dini yenu imepinda." Akacheka, nami nikacheka, na mke wake akatuletea maziwa ya mgando.

Ijumaa iliyofuata alikuja kwenye Njia ya Msalaba. Jumuiya yetu husali vituo kwa kuzunguka nyumba hadi nyumba. Yeye alitufuata nyuma, kofia kichwani, akiegemea fimbo yake ya kuchungia. Tulipomaliza kituo cha tano akaniuliza, bila kupunguza sauti:

"Huyu aliyemsaidia kubeba, alikuwa ndugu yake?"

"Hapana, mzee. Alikuwa mpita njia tu, anatoka shamba."

"Anatoka shamba, amechoka, na bado akabeba! Huyo ni mtu. Hao wengine mnaowasoma siwajui."

Watu walicheka, lakini alikuwa hatanii. Alirudi wiki iliyofuata, na nyingine. Kisha akamuuliza katekista jinsi mtu mzima wa umri wake anavyoanza mafundisho. Katekista alinipigia simu kwa furaha, na mimi nikafurahi kupita kiasi. Nilishaanza kumwona kwenye mkesha wa Pasaka, amesimama karibu yangu, na watu wakiuliza ni nani aliyemleta.

Ijumaa moja, kabla hatujaanza sala, alisema tukimaliza tusitawanyike, tupite kwake. Nilidhani ni maziwa tena.

Harufu ilitupokea tangu langoni. Alikuwa amechinja beberu. Nyama ilikuwa juu ya makaa, na pembeni sufuria ya kichuri inachemka, ile supu chungu inayopikwa kwa majani yaliyomo tumboni mwa mbuzi. Katikati ya uwanja kulikuwa na vigoda viwili vimeelekezana, sahani moja kati yake, na upande wa zizi walikuwa wamekaa ndugu zake.

Nilielewa mara moja. Mimi ni mzaliwa wa hapa. Kwetu ugomvi hauishi kwa maneno. Aliyekosa huchinja, kisha wawili waliogombana hula sahani moja mbele ya watu, na nyama hiyo hailazwi. Asiyekula amebaki na ugomvi wake. Mzee alikuwa ameichagua Ijumaa kwa sababu ndiyo siku yetu ya kukusanyika. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba siku hiyo hatuli nyama. Tulimsomea vituo vyote kumi na vinne, hilo tukalisahau.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya mama mmoja wa jumuiya, muuza nyanya. Wiki moja kabla nilikuwa nimemsema mbele ya wenzake kwa kunywa supu ya kongoro mnadani siku ya Ijumaa.

"Haya, mwenyekiti," alisema taratibu, "leo tunafanyaje?"

Sikugeuka. Nilimwambia mzee, "Tunakushukuru sana. Ila leo ni Ijumaa ya Kwaresima, nyama haturuhusiwi. Tutunzie, Jumapili tutakuja wote."

Mzee hakukasirika. Alionekana kama mtu anayesubiri niendelee kusema. Kisha akauliza, "Ng'ombe wangu walipokula mahindi yako, waliuliza leo ni siku gani?"

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza. Mke wangu akaninong'oneza, "Kipande kimoja tu. Mungu anaona hapa." Yeye akanawa mikono, akapiga magoti kwenye ile sahani, akala.

"Asante, mwanangu," mzee akamwambia. "Lakini kesi si yako."

Mimi nikatoka, na wengine wote walinifuata nje, kwa kuwa mimi ndiye kiongozi wao. Sikuwa namwogopa Mungu siku ile. Nilikuwa namwogopa muuza nyanya.

Jumapili nilimweleza padri baada ya misa. Nilitaka anisifu au anikaripie, lolote kati ya hayo lingenisaidia. Alisema tu, "Ungekula. Ungefunga siku nyingine." Kisha akaitwa kubariki rozari ya mtu.

Mzee hakuja tena kwenye vituo. Kwa katekista hakufika. Kwenye mkesha wa Pasaka nilishika mshumaa wangu, na kila mlango ulipolia niligeuza shingo, mpaka mke wangu akaniambia niangalie mbele.

Jumatatu ya Pasaka nilimfungia kamba mbuzi wangu mmoja nikampeleka kwake. Alinipa kigoda. Hakumtazama yule mbuzi.

"Huyo rudi naye," alisema. "Aliyekosewa hachinji. Na mimi nilishachinja."

"Sasa tufanyeje, mzee?"

"Subiri nikukosee tena." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Niliwaita ndugu zangu wakaja kuona. Uliwaona, walikuwa upande wa zizi. Mpaka leo wananiuliza kama ulidhani nimeweka sumu."

Nilimwambia kosa ni langu, si la dini. Alisema dini yeye haijui, mimi ananijua. Baada ya hapo tukaongea mvua, tukaongea bei ya ndama mnadani. Mke wake alipita mara kadhaa na kibuyu cha maziwa mkononi. Hakuna aliyemwambia amimine, naye hakuuliza. Nikaaga.

Nyumbani mke wangu alikuwa anachambua mboga. Aliona mbuzi amerudi.

"Mmekula nini huko?"

"Tumeongea mvua," nikasema, na nikaenda kumfungua kamba mbuzi.